Siku "ingawa" ilipoingia darasani

Nilikuwa nafundisha darasa la sita upande wa Kibirizi, Kigoma, watoto wengi ni wa wavuvi na wa akina mama wanaoanika dagaa pale mchangani. Insha zao zilikuwa na shida moja, kila kitu ni "na" au "halafu". Nilienda ziwani halafu nikaona mtumbwi halafu baba akashuka na dagaa hakuna. Matukio yote yapo ila hujui lipi limesababisha lipi, na hiyo ilikuwa inaniuma, manake sababu wanazijua vizuri sana hawa watoto.

Siku hiyo viunganishi vilikuwa ubaoni, kwa sababu, kwa hiyo, ingawa, ili, bali, wanavikariri hata bila kuangalia. Nikafuta vyote. Nikauliza, dagaa bei ikoje wiki hii? Darasa likalipuka, iko juu mwalimu! Kwa nini? Mbalamwezi! Yani pale kila mtoto anajua dagaa wanavutwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwaka taa haifui dafu, wavuvi wengi wanapumzika. Haya ungeni. Mmoja akasema bei imepanda kwa sababu mwezi unawaka, mwingine akageuza, mwezi unawaka kwa hiyo bei imepanda, wakaanza kubishana nani kapatia, nikawaambia wote wamepatia, huyu kaanza na matokeo, huyu kaanza na sababu.

Binti mmoja wa nyuma, mkimya sana yule, akasimama. "Ingawa mwezi unawaka, baba jana alienda ziwani."

Wote wakamgeukia, alifuata nini sasa?

"Ili apate hela ya sare yangu."

Nikaandika yote ubaoni kama alivyosema. Nikawaambia angesema "mwezi unawaka na baba alienda" hakuna ambaye angemuuliza kitu, hiyo ingawa ndo imewageuza shingo.

Kuna kijana akataka iwe "licha ya mwezi unawaka", hapo tukakaa kidogo, manake licha ya inataka nomino au kitenzi cha ku-, licha ya mbalamwezi, licha ya mwezi kuwaka. Wakajaribu na zao, licha ya mvua, licha ya baba kuumwa. Kengele ikalia, mwalimu wa hisabati kashafika mlangoni na watoto bado mikono juu wanataka kutunga, nikamwomba dakika tano, akanipa.