Kupinga si kupangua

Mdahalo wa shule huku kwetu Busia, upande wa Uganda, haumalizi dakika tano kabla hujalisikia lile neno la Kiingereza: refute, yaani kupangua hoja. Mtoto anasimama, anaweka tai sawa, anamwambia mwenyekiti kwamba hoja ya mwenzake anai-refute kwa nguvu zote. Madawati yanagongwa. Anakaa. Hajapangua kitu, amekataa tu kwa sauti kubwa.

Mimi ni mlezi wa klabu ya mdahalo, na hapo ndipo huwa mkali. Kwa maana yake ya tangu zamani, kitenzi hicho kinadai kazi: uonyeshe, kwa ushahidi au kwa mantiki, kwamba hoja ni ya uongo. Ukisema tu "si kweli", Kiingereza kina deny. Ukijibu hoja kwa hoja, hata kama ya mwenzako bado imesimama, una rebut. Siwalaumu watoto sana, kwa sababu magazeti wanayosoma yanaandika kwamba mheshimiwa fulani "refutes" tuhuma, na ukiisoma habari yenyewe alichofanya ni kukana na kupanda gari lake. Kamusi za Kiingereza siku hizi zinaandika maana zote mbili. Haya, lugha ni ya wasemaji. Lakini alama za mdahalo ninatoa mimi.

Hata wakubwa wa lugha wamejikwaa. Agosti 1763, Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, alikuwa mjini Harwich, Uingereza, na rafiki yake James Boswell. Wametoka kanisani, wakawa wanaizungumzia nadharia ya Askofu George Berkeley, kwamba vitu havipo nje ya akili inayoviona. Boswell akasema kila mtu anajua si kweli, ila kuipangua haiwezekani. Johnson akalipiga teke jiwe kubwa, akasema anaipangua namna hiyo. Wanafunzi wangu wanakipenda sana kisa hiki, wanacheka, kisha nawauliza: je, amefaulu? Berkeley hakusema jiwe halitakuumiza. Alisema ule ugumu na yale maumivu ni mambo ya akilini. Teke limepita pembeni ya hoja yake.

Kupangua kwenyewe nilikuona muhula uliopita, kwenye mada ile isiyochoka, kwamba shule za bweni ni bora kuliko za kutwa. Watetezi walileta hoja nzito: wa bweni wanafaulu zaidi kwa sababu wanasoma usiku. Wapinzani wawili wa kwanza walikataa tu, wakaleta habari za kunguni na posho mbovu, ambazo hazigusi kufaulu hata kidogo. Wa tatu, binti mpole wa kidato cha pili, aliuliza wale wa bweni waliingia na nini. Kwetu PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, una masomo manne, na jumla ya 4 ndiyo bora kabisa, yaani daraja la 1 katika kila somo. Shule kubwa za bweni zinachukua wenye 4, 5 na 6; ya kutwa iliyo karibu inapokea hata wa 24. Sasa, akasema, mliyemtaja alifaulu kwa sababu ya usiku wa bweni, au alikuja tayari anajua? Hakukana kwamba wa bweni wanafaulu. Aliwaachia ukweli wao, akakata kamba iliyoufunga na ile sababu. Madawati hayakugongwa, watu walikuwa wanawaza.

Watetezi nao hawakulala. Mmoja akataka walinganishwe wawili walioingia na jumla sawa, mmoja bweni, mwingine kutwa, na hapo ikabidi binti arudi kwenye daftari lake.

Tangu hapo nimetenga alama 10 za kupangua peke yake. Walimu wenzangu wa Kiingereza wanalalamika kwamba watoto wenye matamshi mazuri wanashindwa. Mimi sijaona tatizo.