Goli moja la Nycke Groot

Jana usingizi uligoma. Saa saba za usiku nikachukua simu, nikaishia kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mpira wa mikono wa wanawake ya 2017, pale Budapest, kati ya klabu za Győr na Vardar. Matokeo nayajua kitambo, 31-30 baada ya muda wa nyongeza, lakini moyo ulinidunda vilevile.

Macho yangu huwa kwa Nycke Groot, yule Mholanzi wa Győr. Nilicheza nafasi yake sekondari, katikati, kwa hiyo najua ugumu wake. Anaudunda mpira mara moja, anajivuta kama anataka kufumua shuti, mabeki wawili wanampandia, kumbe pasi imeshapita kiunoni mwao na Yvette Broch kaipokea kwenye mstari wa mita 6. Mimi pasi ya namna ile nilikuwa nampelekea mpinzani.

Győr ni mji wa Hungaria ambako mpira wa mikono wa wanawake si mchezo wa kujazia ratiba. Watu wanaimba ukumbini mpaka sauti zinakauka. Groot alifika 2015 akitokea Denmark, wakampenda kama mzaliwa. Haki yake. Makombe matatu ya Ulaya mfululizo: 2017, 2018 kwa 27-26, tena dhidi ya Vardar, tena muda wa nyongeza, halafu 2019 kwa 25-24 mbele ya Rostov-Don. Fainali zote tatu, tofauti ya goli moja.

Na timu ya taifa? Huko goli hilohilo lilimgeukia. Fainali ya dunia ya 2015 Norwei waliwachapa 31-23, hiyo haina mjadala. Ila ya Ulaya 2016, Norwei haohao, 30-29. Kisha shaba 2017, shaba tena 2018. Akaona basi, akaiaga timu ya taifa.

Desemba 2019, Kumamoto, Japani: Uholanzi 30, Hispania 29. Penalti ya Lois Abbingh, sekunde chache kabla ya kipenga. Mabingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, na Groot hayumo.

Hapo ndipo nilipoizima simu, maana ilinigusa penyewe. Mwaka juzi niliacha kazi niliyoifanya miaka sita. Tulikuwa tunahangaikia zabuni moja, tunaikosa kila mara, ya mwisho kwa karatasi moja iliyosahaulika. Miezi minne baada ya kuondoka wenzangu wakaipata. Mdogo wangu wa pale ofisini akanitumia picha ya keki: "Dada, ungekuwepo!" Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Nikaikuza ile picha nione nani kakaa kwenye kiti changu.

Nikamjibu hongereni, na kopa tatu. Moja ilikuwa ya kweli kabisa.

Halafu nikaiwasha simu tena. Ilikuwa imebaki dakika kumi na Győr walikuwa bado hawajashinda.