Safisha kwanza, Dokta

Ijumaa imeshapita lakini neno la Prof bado limenikaa kooni. Mliofuata habari za Ulva yangu, ule mwani wa kijani wa baharini ninaoukuza maabara, mnamjua: yule wa mimea ya nchi kavu, anayeotesha migomba chupani. Ripoti ya mwaka imepita, mkataba umeongezwa, ofisi tumehamishiwa ghorofa ya chini, na yote hayo sina hamu nayo. Namwona tu Prof akiinuka kwenye hadubini, akifuta miwani.

"Dokta, hapa kuna bakteria."

"Ndiyo, Prof. Nimewaweka mwenyewe."

"Safisha kwanza, ndipo tuzungumze."

Nami nikaitikia, "Sawa, Prof." Sawa! Hiyo sawa nimeirudia jikoni, njiani, hadi kitandani.

Kwa migomba yake ana haki. Mle chupani mna gramu 30 za sukari kwa lita. Spora moja ya kuvu ikipenya, chupa nzima inaota ndevu. Ndiyo maana kipande cha mgomba kinapitishwa kwenye alkoholi ya asilimia 70, kisha klorini, kisha maji yaliyotoka kwenye otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo inayoua vijidudu. Ulva haihitaji sukari. Inataka maji ya bahari, nitrati, fosfeti, chuma kidogo, vitamini na mwanga. Hata maji hayo yana visa vyake: ukiyapika kwa nyuzi 121 pamoja na virutubisho, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, fosfeti inaganda na kutuama chini, mwani unabaki na njaa. Pika maji peke yake, yaache yapoe, ndipo utie virutubisho kwa kuvipitisha kwenye chujio la mikroni 0.2.

Na uchafu naujua, asidhani siujui. Ni daiatomu, vijimwani vya seli moja. Zinajenga gamba kwa silika, madini yaleyale ya kioo, kwa hiyo usizipe silika, na ukitia dioksaidi ya jerimaniamu miligramu 1 hadi 5 kwa lita zinakwama. (Kwa mwani wa kahawia punguza sana, nao unaumia.) Antibiotiki pia si za kumwaga ovyo: ribosomu (vitengeneza protini) za kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli ya mwani, zinafanana na za bakteria, ukilenga za bakteria unajeruhi na za mwani.

Basi nilichopaswa kumjibu ni kwamba kusafisha nimesafisha. Gameti za Ulva, yaani seli zake za uzazi, zina mikia miwili na hukimbilia mwanga. Unaziingiza upande mmoja wa kijirija chembamba cha kioo chenye maji safi, unawasha taa upande wa pili, zinaogelea na kuwaacha bakteria nyuma. Unarudia hadi asibaki hata mmoja. Hizo zilizotakata zinaota nini? Donge. Hakuna jani, hakuna kishikizi cha kujishikiza kama mzizi, kuta za seli zimejaa malengelenge. Rudisha bakteria wa aina mbili tu: Roseovarius anachochea seli zigawanyike, Maribacter anasaidia kujenga ukuta na kishikizi. Mwani unapata umbo lake.

Jana nikaitoa sahani ileile aliyoiangalia Prof, nikaitazama taratibu. Jani changa, seli za vishikizi zimejinyoosha chini, zimepauka, na bakteria wamejikusanya papo hapo, si kwingine. Hasira ikayeyuka, nikajikuta nacheka peke yangu. Nikamkumbuka Kathleen Drew-Baker wa Manchester, aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba kile kitu cha waridi kinachotoboa makombe, kilichokuwa na jina lake la peke yake, Conchocelis, ni hatua tu ya maisha ya Porphyra, mwani mwekundu. Wakulima wa nori, huo mwani wa kuliwa, huko Japani walikuwa hawajui mbegu inatoka wapi. Baada ya hapo wakaiotesha kwenye makombe ya chaza. Na kazi ile aliifanya bila mshahara, maana chuo hakikuajiri wanawake walioolewa. Ana mnara wake kule Uto, Japani.

Jumatatu nampelekea Prof sahani nne: isiyo na bakteria, yenye Roseovarius peke yake, yenye Maribacter peke yake, na yenye wote wawili. Sitasema neno. Ainame aangalie.

Baba naye anasema jicho la kushoto limeanza tena kuona ukungu, na kliniki hataki kusikia. Dada amembembeleza mpaka amechoka. Sijui mimi nitaanzia wapi.