Kijana wa miaka 19 mbele ya perpetuite

Aliyeua akiwa na miaka 17 na miezi 11, tribinali ya Lubumbashi, hapa Kongo, haiwezi kumpa perpetuite, yaani kifungo cha maisha. Akikawia mwezi mmoja tu, inaweza. Kinachohesabiwa ni siku ya tendo, si siku ya kukamatwa wala ya kusimama mbele ya juji. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kitafutwe kabla hata ya avoka (wakili). Kama hakipo, sheria ya Januari 10, 2009 ya kulinda mtoto inakubali njia nyingine za kuthibitisha umri, na ushahidi ukiwa hautoshi, mtu huhesabiwa mtoto. Mambo huharibika kwenye PV, ile ripoti ya maandishi ya polisi: umri unakisiwa kwa macho, inaandikwa "miaka 20", na namba hiyo inasafiri na dosie hadi mwisho. Ipingwe mapema, kwa maandishi.

Aliyekwisha kutimiza 18 anakuta Kanuni ya Adhabu kali: kuua kwa kukusudia ni perpetuite, kuua kwa kupanga ni kifo. Lakini kifungu cha 18 cha Kanuni hiyo kinampa juji mlango. Akikubali sababu za kupunguza adhabu, perpetuite inageuka kifungo cha miaka anayoipanga yeye. Kifungu cha 19 kinamtaka azitaje moja moja ndani ya hukumu.

Basi avoka anayesema "bado kijana, tunaomba huruma" kisha akaketi, hajamsaidia juji kitu. Huruma haina pa kuandikwa. Aandike: umri kamili siku ya tendo, hajawahi kuhukumiwa, nani mkubwa aliyemtuma, yeye mwenyewe alishika nini mkononi, alikuwa anasoma au anafanya kazi wapi. Kila hoja na karatasi yake au shahidi wake.

Huko Marekani, kwenye majimbo ambayo sheria ilimnyima juji uchaguzi, mahakama za juu ndizo zilizoingilia. Michigan ilifuta kifungo cha lazima cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa kwa masharti kwa wa miaka 18 mwaka 2022, kisha kwa wa 19 na 20 Aprili 2025. Massachusetts, Januari 2024, ilikataza kabisa adhabu hiyo kwa walio chini ya 21. Walitegemea sayansi ya ubongo: akili ya kupima hatari na kukataa shinikizo la wenzake haikomai siku ya kutimiza 18. Hukumu hizo hazimbani juji wetu, ila hoja yenyewe inafaa kuingizwa hapa, na nashangaa inavyosahaulika.

Hukumu ikitoka, rufaa ni siku 10. Zikipita, basi.

Na wengi wakisikia perpetuite huacha kuuliza. Kifungu cha 35 cha Kanuni ileile kinasema aliyefungwa maisha anaweza kuachiliwa kwa masharti akishapitisha miaka 5 gerezani. Haiji yenyewe: anayeamua ni Waziri wa Sheria, baada ya maoni ya parke (waendesha mashtaka) na ya mkuu wa gereza. Familia inayokwenda Kasapa, gereza la Lubumbashi, ihakikishe nakala ya hukumu imefika grefe (ofisi ya kumbukumbu) ya gereza, na tarehe ya kukamatwa imeandikwa sawasawa, kwa kuwa miaka inahesabiwa kutoka hapo.