Siku yangu moja na baiskeli ya kulala na tela lake

Saa kumi na moja alfajiri adhana inanikuta nimeshachuchumaa uani na pampu. Matairi ni matano: mawili ya mbele, moja la nyuma, mawili ya tela. Tairi laini chini ya mzigo ni adhabu ya magoti kutwa nzima, kwa hiyo hapa sina haraka. Nabonyeza moja moja kwa kidole gumba, nakagua pini inayoshika tela, nafuta cheni kwa kitambaa. Cheni yenyewe ndefu, maana pedali ziko mbele kabisa na gurudumu linalosukuma liko nyuma ya mgongo wangu. Fundi aliunga cheni za baiskeli tatu, akabakiwa na kipande.

Fundi huyo yuko mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam. Nilimpelekea baiskeli chakavu na picha kwenye simu: mtu ameketi kama yuko kwenye kiti cha uvivu, miguu mbele, magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mama, hii ni ya mgonjwa?" Nikamwambia ndiyo, na ni ya kazi pia. Maradhi ya sikio la ndani yaliniachia kizunguzungu, na daktari akanikataza baiskeli ya magurudumu mawili. Kazi yangu ni kutumwa. Watu wa Magomeni wananipa orodha na pesa, mimi nawaletea vitu mlangoni. Guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, nililijaribu, lakini lile linataka kifua cha kijana. Kilima kidogo tu unashuka, unasukuma. Baiskeli hii haiwezi kuanguka hata ikienda mwendo wa konokono. Kichwa kikinizunguka, nakamata breki, nafumba macho, nasubiri kipite. Mwenye afya hawezi kujua hiyo ni neema kiasi gani.

Saa kumi na mbili kasorobo niko barabarani, taa nyekundu inawaka nyuma ya tela. Nimesimamisha mwanzi mrefu wenye kipande cha kitenge chekundu. Nikiketi, macho yangu yanakuwa usawa wa kitasa cha mlango wa gari, na dereva wa lori haoni huko chini. Anachokiona ni kile kitenge kinachopepea. Nateremka bonde la Jangwani tela likiwa tupu, mabasi ya mwendokasi yananipita kwenye njia yao, nami nafuata njia ya pembeni iliyojengwa kwa ajili yetu wa miguu na baiskeli. Alfajiri inapitika. Baadaye bodaboda wanaegesha humo, wenye meza za matunda wanapanga bidhaa, na mimi nasukumwa kwenye magari. Jambo hili linaniuma kila siku, na nitaendelea kulisema.

Saa kumi na mbili na nusu, soko la samaki la Feri. Mashua zimeshaingia, mnada umepamba moto. Siingii mnadani, nina muuzaji wangu anayenipimia vibua na changu kwa mama ntilie wawili wa Magomeni. Samaki wanaingia kwenye ndoo mbili zenye vifuniko, barafu chini, barafu juu. Kuanzia hapo nina saa inayohesabu kichwani: barafu haisubiri foleni.

Saa moja na nusu nimefika Kariakoo, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Jina la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nikiwaona vijana wanaokatiza barabara ya Msimbazi na magunia mgongoni, shingo zimetutumka, nawakumbuka wale. Mtaa mzima umepewa jina la watu waliobeba, na hadi leo wabebaji ndio wanaotukanwa kwanza njia ikiziba.

Leo nina mchele kilo 50 katika mifuko miwili, sukari kilo 10, dumu la mafuta la lita 20, sabuni, na daftari za mtoto wa jirani. Kijana wa duka la jumla anataka kutupia tu. Namzuia. "Mwanangu, mchele juu ya ekseli, mafuta mbele kidogo, samaki nyuma." Ukirundika nyuma, tela linainua mkono wake na kunyanyua gurudumu langu la nyuma, pedali zinazunguka bure. Ukirundika mbele mno, uzito wote unalalia gurudumu hilohilo, na spoku zinaanza kulia. Uzito mwingi ukae juu ya ekseli, mbele pazidi kidogo tu. Kisha nafunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, msalaba, nikivuta hadi mkono unauma. Kamba ya katani hulegea mzigo ukijipanga; mpira unaufuata mzigo.

Kijana mmoja ananiita, "Shangazi, umelala barabarani?" Naulizwa hivyo kila siku, na najibu kila siku. Nilimweleza kwamba mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alilala hivihivi kwenye baiskeli aliyoibuni Charles Mochet, akavunja rekodi ya dunia ya mbio za saa moja: kilomita 45 na ushee. Mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo wakazipiga marufuku baiskeli za namna hii mashindanoni. Akanyamaza, halafu akaja kunisukuma hadi kona ya mtaa. Ahsante yake.

Saa tatu narudi Jangwani, na sasa mteremko si starehe. Tela lenye karibu kilo 100 linakusukuma kutoka nyuma, na ukikamata breki ghafla katikati ya kona linataka kukupita ubavuni. Dawa ni kupunguza mwendo mapema, ungali umenyooka, kwa breki za mbele zote mbili sawasawa, kidogo kidogo. Mashimo nayo ni hesabu. Baiskeli ya kawaida inachora mstari mmoja. Hii inachora mitatu. Ukikwepesha magurudumu ya mbele shimo likapita katikati, la nyuma linatumbukia humo.

Chini kabisa ya bonde, palepale Mto Msimbazi unapofurika wakati wa masika, nabadili giya hadi ndogo ya mwisho kabla ya kilima. Huwezi kusimama juu ya pedali ukatumia uzito wa mwili. Una miguu tu. Ukikanyaga kwa nguvu, magoti yatakudai usiku. Unazungusha haraka, wepesi, mwendo wa mtu anayetembea. Daladala inapiga honi nyuma. Mgongo wangu umetulia kwenye turubai la kiti, napumua kwa tumbo, nahesabu nguzo za taa. Nguzo ya kumi na moja, barabara inalala.

Magomeni Mapipa, karibu na mwarobaini, tela linaanza kuvuta kushoto. Pancha. Babu anayeziba pancha hapo ananijua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Msumari au kigae?"

Kigae cha chupa. Dakika ishirini zinakwenda, na mimi nimefunika ndoo za samaki kwa gunia lililoloweshwa maji. Mama ntilie wa kwanza ameshapiga simu mara mbili.

Saa nne na robo samaki wanafika, barafu bado ipo. Anafungua kifuniko, anashika jicho la kibua, anaguna kuridhika. Mchele, mafuta na vingine vinagawanywa mlango kwa mlango hadi saa sita. Wengi hulipa kwa simu. Bibi mmoja hulipa kwa shilingi na maandazi. Saa saba nakula wali na kibua nilichokileta mwenyewe, nalala kidogo barazani. Jua la saa nane sipambani nalo.

Jioni ni mitungi ya gesi. Mtungi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30 kwa jumla ya chuma chake. Nabeba mmoja mmoja, umesimama wima, umefungwa sehemu mbili. Leo ni safari tatu za karibu, zote ndani ya mitaa ya Mikumi, kwenye mchanga. Mchangani nalegeza tairi la nyuma kidogo, likaukamata.

Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, niko uani. Natoa pini, nalisimamisha tela ukutani, namwaga maji ya barafu kwenye mchicha. Mwanangu anafuta cheni, mimi nasoma orodha ya kesho: mkaa nusu gunia, kreti mbili za soda, na bibi wa maandazi anaomba apelekewe pia cherehani yake kwa fundi. Ya chuma, ya zamani. Nalipima tela kwa kiganja: mashubiri manne na vidole vitatu. Itaingia ikilazwa.