Wachoraji wa skrini printi, kazi ya mbali ipo

Jamani nyie mnaochora vizuri na mmeshawahi kushika skrini, ile fremu ya kitambaa cha kuprintia tisheti, msikae tu kusubiri oda za tisheti za kampeni na harusi. Kuna karakana huko Marekani na Uingereza zinamlipa mtu aliye mbali azitengenezee saparesheni, yaani unapokea picha moja, unaigawa kila rangi na filamu yake (ile plastiki angavu ya kuchomea picha kwenye skrini), unatuma faili, wao wanaprinti. Mashine na wino viko kwao, wewe unahitaji kompyuta, Photoshop na intaneti isiyokatika katika.

Ufundi ndio unaolipwa hapa. Tisheti nyeusi inataka nyeupe ya chini kwanza ili rangi zing'ae, na hiyo nyeupe unaipunguza pembeni kidogo sana, pikseli moja au mbili hivi, la sivyo itachungulia kwenye kingo za nyekundu na kazi nzima inaonekana ya ovyo. Sura ya mtu unaipeleka kwa haftoni, yaani vivuli vya vidoti, na vidoti vikiwa vidogo kuliko meshi, ule wavu wa nyuzi za skrini, inavyoweza kushika vinaondoka na maji wakati wa kuosha skrini. Kwahiyo kabla hujaanza muulize mteja anatumia meshi ngapi, na Wamarekani wanahesabu nyuzi kwa inchi, ile 230 yao ni kama 90 ya anayehesabu kwa sentimita.

Mambo haya fundi aliyechafuka wino anayajua kuliko dizaina wa kompyuta tu, ndio maana naumia sana kuona mafundi wetu hawajaribu. Kwenye sampuli zako weka filamu pamoja na tisheti yenyewe iliyotoka, sio mokapu ya kompyuta inayoigiza tisheti, na bei itaje kwa idadi ya rangi.