Nilivyomhudumia wifi yangu kabla sijamsamehe

Mimi ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya ndani ya hospitali moja jijini Mwanza, na nimeolewa katika ukoo ambao makazi yake yako kando ya ziwa, upande wa Sengerema. Nilipoanza kazi niliamini kwamba mtu mwenye huruma wodini hawezi kuikosa nyumbani, kwa kuwa moyo ni mmoja. Miaka imenionyesha vingine. Wodini huruma yangu inashikiliwa na mambo mengi: sare, chati ya dawa, ratiba ya zamu, na mwenzangu ninayeweza kumwomba anishikie mgonjwa aliyenitukana hadi nitakapopoa. Nyumbani hakuna hata kimoja cha hivyo. Wifi aliyekuumiza humwachii mtu wa zamu ya usiku.

Kinyongo ninachotaka kukieleza kilianzia kwenye kifo cha mama mkwe wangu. Alikuwa mtu wa ziwani hasa: tangu usichana wake aliteka maji ziwani, akafua humo, akaogesha watoto humo, na kwa miaka mingi aliishi kwa kuosha na kuanika dagaa. Alikuja Mwanza kututembelea, akala nasi ugali na sato, kisha akarudi kwake kwa kivuko, maana wakati huo daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado linajengwa. Haukupita muda akaanza kutapika damu. Alifikishwa hospitali akiwa amekwisha kuishiwa damu, wala hawakuweza kumwokoa. Daktari alituambia kwamba mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilikuwa imepasuka kwa sababu ya kichocho cha tumbo kilichoharibu ini kwa miaka mingi.

Msibani, chini ya turubai, mbele ya wazee wa ukoo na majirani, dada mkubwa wa mume wangu alisema kwa sauti ya kusikika: "Mama alitoka hapa mzima. Huko alikokula ndiko mkaulize." Hakutaja jina langu, na hapakuwa na haja ya kulitaja. Kwetu huku mtu akitapika damu, neno la kwanza linalosemwa ni sumu, na la pili ni nani aliyempikia. Isitoshe, mpishi mwenyewe alikuwa muuguzi, mtu anayeshika sindano na chupa za dawa kila siku. Niliona wanawake waliokuwa wakikatakata mboga wakiinamisha vichwa kwa pamoja.

Mume wangu aliniomba niyaache yapite kwa kuwa dada yake alikuwa na uchungu wa mama. Niliyaacha, kwa maana ya kwamba sikujibu. Niliendelea kutoa michango ya ukoo na kumjibu wifi salamu zake alipopiga simu kuzungumza na kaka yake. Lakini safari za Sengerema nilizikwepa kwa kisingizio cha zamu, na kila nilipopika sato nilisikia maneno yale upya. Watu husema kinyongo ni moto. Kwangu kilikuwa afadhali kifananishwe na kanula, kile kimrija cha kuingizia dawa kwenye mshipa, iliyosahauliwa mkononi baada ya dripu kuisha: hakikunizuia kufanya jambo lolote, ila kila nilipogusa kitu niliumia.

Kazini mwenzangu mmoja aliona nimekuwa mkavu kwa ndugu wa wagonjwa, akaniambia nimechoka. Katika yale mafunzo ya kujiendeleza ambayo Baraza la Uuguzi na Ukunga linatudai ili kuhuisha leseni, tulikuwa tumefundishwa juu ya uchovu wa huruma, jambo ambalo mwandishi wa Marekani, Carla Joinson, aliliandikia mwaka 1992 alipowaeleza wauguzi wa idara ya dharura waliokuwa wamepoteza uwezo wa kujali. Nilijipima kwa maelezo hayo nikaona hayanihusu. Uchovu wa kazi, kwa ninavyoufahamu mwilini mwangu, hupungua nikipata mapumziko. Huu wangu ulizidi siku za mapumziko, kwa sababu ndizo siku nilizopata nafasi ya kumfikiria wifi. Ninadhani tunaliita uchovu jambo ambalo mara nyingine ni hasira yenye jina na anwani, na kulala haiponyi hasira ya namna hiyo.

Mambo yalianza kubadilika usiku mmoja wa zamu, alipoletwa mvuvi kutoka visiwani akitapika damu. Baada ya kumwekea njia za mshipa, kuchukua damu ya kupimia kundi na kumwita daktari, nilitoka kuzungumza na ndugu zake, nikawakuta tayari wanabishana ni nani aliyekula naye kambini. Nikawaeleza taratibu, wala sikuona tabu kufanya hivyo. Niliwaambia kwamba vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwamba minyoo hiyo huishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo na kutaga mayai humo. Kwamba mengi ya mayai hutoka kwa choo, lakini mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama na kuacha makovu. Makovu yakizidi, damu haipiti vizuri kwenye ini, msukumo wake unapanda, bandama linavimba, na mishipa ya umio inatanuka hadi siku inapopasuka. Jambo hilo huchukua miaka, na mtu anaweza kuonekana mzima kabisa jana yake. "Kwa hiyo si chakula cha juzi?" akauliza mmoja wao. Nikamjibu kwamba si chakula cha juzi wala cha mwaka juzi.

Nilirudi kwenye meza ya wauguzi nikiwa na jambo jipya la kufikiria. Watu wale hawakunijua, hawakunichukia, hawakuwa na deni nami, na bado walikuwa wamefikia pale pale alipofikia wifi. Ina maana kwamba wazo la sumu halikuzaliwa kwenye chuki yake kwangu. Alilikuta, kama tulivyolikuta sote tuliozaliwa kandokando ya ziwa hili. Alilofanya yeye mwenyewe ni kulisema hadharani, kunielekea mimi. Kinyongo changu kilikuwa kimebeba mambo mawili kana kwamba ni moja, na moja kati ya hayo haikuwa haki kumbebesha yeye.

Asubuhi ile baada ya kulala kidogo nilichukua karatasi nikaandika suala letu kwa mpangilio wa ripoti ya kukabidhi zamu. Ripoti ya zamu ina adabu yake: unaandika ulichokiona na kilichopimwa, unaandika kilichofanyika na kinachotakiwa kufanyika. Huandiki "mgonjwa ana roho mbaya." Huandiki unachodhani daktari alifikiria. Nilipoondoa dhana zangu zote (kwamba wifi hakunipenda tangu ndoa, kwamba anaonea wivu mshahara wangu, kwamba ndiye aliyewachochea wale wanawake), karatasi ilibaki na sentensi chache. Alisema maneno fulani mbele ya watu fulani. Hayajarekebishwa mbele ya watu hao. Ninataka yarekebishwe.

Chini yake nilijikuta nimeandika jambo jingine, kwa mazoea ya kazi. Mume wangu alikuwa amenidokeza kwamba dada yake anashiba upesi na kulalamika uzito chini ya mbavu za kushoto. Yeye naye amekulia kwenye maji yale yale, ameosha dagaa kwenye mwalo ule ule, na wanawe wanaogelea hapo kila jua linapokuwa kali. Muuguzi hawezi kuandika hayo kisha akanyamaza. Nilikaa na karatasi ile kwa muda mrefu, maana nilitambua kishawishi kilichokuwa mbele yangu: kusubiri kwanza aniombe radhi ndipo nimwambie, au kumsaidia haraka ili awe na deni kwangu na akose uso wa kunisema tena. Vyote viwili vilikuwa biashara. Nikaamua kwamba tumbo lake na maneno yake ni mafaili mawili, na halitafunguliwa moja kwa kutumia jingine.

Baadaye nilisoma kwamba Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mama yake mwenyewe aliuawa na mtu aliyevunja nyumba, hutofautisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia: mtu anaweza kuamua leo namna atakavyomtendea aliyemkosea, na hisia zikachukua muda wake kufuata, au zikafuata nusu. Nilifarijika, kwa sababu makanisani kwetu mara nyingi tunahimizwa tuanze na moyo, na mimi moyo wangu ulikuwa bado umenuna wakati mkono ukipiga simu.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamweleza kuhusu kichocho na kwa nini nadhani apimwe yeye na watoto. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi umeshaona nitakufa?" Nilihisi damu ikinipanda. Nikamjibu, "Wifi, leo nimepiga simu kwa ajili ya tumbo lako. Yale ya msibani yapo, tutayazungumza siku yake." Ninaamini sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomleta. Laiti ningejifanya nimesahau, angejiuliza ninatafuta nini.

Alikuja. Alifikia kwetu akiwa na kikapu chenye viazi vitamu vya kuchemsha na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), akasema daktari wa kule kamkataza vyakula vya mafuta. Tuliachana na hilo. Soda alikunywa, baada ya kuifungua mwenyewe. Nami nilikuwa nimekwisha kupanga kwamba hospitalini sitamgusa: nilimwomba muuguzi mwenzangu ampokee, na dawa apewe na mwingine kabisa. Kuna wenzangu walioona nimefanya hivyo kwa chuki. Niliona kwamba kidonge kikipita mkononi mwangu hatakimeza kwa amani, na kichefuchefu cha kawaida cha dawa ile kingegeuka ushahidi.

Kipimo cha choo kilionyesha mayai ya kichocho, na ultrasaundi ikaonyesha bandama kubwa pamoja na makovu kwenye ini. Alipewa prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, baada ya kula viazi vyake, kwa maana dawa hiyo ikimezwa tumbo likiwa tupu husumbua zaidi. Daktari alimweleza kwamba dawa huua minyoo, ila makovu ya zamani hayafutiki yote, na kwamba akirudi majini ataambukizwa upya. Kwa hiyo angehitaji kufuatiliwa na kufanyiwa kipimo cha kamera cha umio. Watoto walipimwa nao wakapewa dawa. Mdogo alifurahi kupimwa kwa fimbo ya urefu ile inayotumika mashuleni kukadiria vidonge, akataka apimwe tena.

Kwenye benchi la nje wifi aliniuliza bila kunitazama, "Mama naye alikuwa na hiki hiki?" Nikasema ndiyo. Hakuongeza neno, nami sikuongeza. Nakiri kwamba kuna sehemu yangu iliyotamani alie pale pale mbele za watu, na ninaona afadhali nilitaje hilo kuliko kujionyesha malaika.

Siku yenyewe ilifika ukoo ulipokutana kujengea kaburi la mama. Nilikuwa nimemwambia mume wangu mapema kwamba safari hii sitanyamaza, na yeye akazungumza na mzee wa ukoo ili nipewe nafasi kwa heshima badala ya kudakia maneno ya watu. Wifi alinitangulia. Alisema, "Yale niliyoyasema siku ile yalikuwa ya uchungu." Ilikuwa hivyo tu, neno "nisamehe" halikuwamo. Wazee walitikisa vichwa wakaonekana kuridhika, na kama ningekuwa mwepesi wa kuridhika nami ningekaa. Nilisimama nikamshukuru, kisha nikaeleza ugonjwa uliomuua mama, hatua kwa hatua, kama nilivyowaeleza ndugu wa yule mvuvi, na nikasema wazi kwamba sikumpa mama kitu kibaya. Niliomba watoto wote wa ukoo wapelekwe zahanati. Mzee mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama basi watu waache kwenda ziwani. Tukatumia muda mrefu kwenye swali hilo, kuhusu vyoo, kuhusu kisima kilichoharibika, na kuhusu kuyaacha maji ya kuogea ndani ya pipa kwa siku mbili kabla ya kuyatumia, kwa kuwa vimelea hivyo havidumu vikikosa mtu wa kumwingia. Suala langu na wifi likafunikwa na suala la kisima, na sikusikitika.

Hatujawa marafiki. Nikiwa chini ya turubai la msiba wowote maneno yale hunirudia, na siku hizo huwa nakaa na kina mama wa upande mwingine hadi yapite. Lakini naenda Sengerema, na kule napewa kazi jikoni kama wake wengine wa ukoo, jambo ambalo lilikuwa limekoma. Wifi hunipigia kuuliza kama ni kawaida choo kuwa hivi au kizunguzungu kuwa vile, nami namjibu kama ninavyomjibu mgonjwa yeyote wa kliniki, nikimkumbusha tarehe yake. Nauli analipa mwenyewe, kipimo cha kamera tunachangia mimi na kaka yake, na chakula bado anakuja nacho.